Kifungo chenye Nanga

Mtaani walimwita Fundi Kola, kwa sababu hakuna aliyejua kugeuza kola ya shati kama yeye. Unampelekea shati lililochakaa shingoni mpaka unaona haya kulivua mbele za watu, anaifumua kola, anaugeuza upande wa ndani uwe nje, anaishona tena, na wewe unaondoka na shati jipya ambalo hukulinunua. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye pini mdomoni kutwa nzima, na wateja walikwisha kuzoea kujibiwa kwa miguno. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya baba yake. Chumba cha nyuma alilala baba mwenyewe, na kati ya vyumba hivyo viwili palikuwa na pazia tu.

Baba naye alikuwa fundi, tena fundi wa makoti wa kutajika, mpaka miguu ilipomgoma. Sasa kazi yake ilikuwa kukaa kitandani ameegemea mito, kopo la vifungo mapajani, na kusikiliza. Cherehani aliijua kwa sauti. "Uzi wa chini umelegea huo," angesema kutoka nyuma ya pazia, na Fundi Kola akiangalia, kweli umelegea. Ilimkera na ilimfurahisha. Mtu akikukosoa kila siku na kila siku awe sahihi, unakosa hata pa kumnunia.

Kopo lenyewe lilikuwa la biskuti, kubwa, limepauka rangi, na lina habari yake. Kila koti la maana huja na kifungo kimoja cha akiba, kimeshonwa kwa ndani karibu na pindo. Mafundi wengine hukiacha hapohapo. Baba, hapana. Koti likiingia kwake kurekebishwa, alikifumua kifungo cha akiba akakitia koponi, na hapo kikakaa. Sababu yake ilikuwa ya kibiashara na hakuificha: mtu akipoteza kifungo hana pa kukipata ila kwake, na akishafika kwa ajili ya kifungo atakumbuka na zipu ya suruali. Lakini miaka ilivyokwenda, mtaa ukaizoea desturi hiyo ukaipa maana yake. Mtu anayehama mji huja kuchukua kifungo chake. Baba akawa anajua nani anahama kabla hata mwenye nyumba hajajua. "Kifungo kikikaa, mtu anarudi," alikuwa akisema. "Kikitoka, mpikieni chai ya kwaheri."

Sasa, Fundi Kola alikuwa na mchumba. Watu waliposikia walicheka, ila kwa wema, maana mchumba alikuwa fundi saa wa mji wa jirani, na mtu huyo aliyeshinda akirekebisha saa za wenzake hakuwahi hata mara moja kumuuliza mwenzake, "Lini?" Alikuja kila mwisho wa mwezi, akanywa chai, akamsalimia mzee, akaitia ufunguo saa ya ukutani, akaondoka. Alikuwa mvumilivu mpaka ukatamani kumfinya. Kilichowazuia kilikuwa kitu kimoja: nani atabaki na baba. Mzee alihitaji kugeuzwa kitandani, kuogeshwa, kulishwa uji, kupelekwa chooni nusu kwa kubebwa. Shangazi alikuwepo, lakini mbali, na ana yake. Fundi saa hakuweza kulihamisha duka lake, na mzee alikwisha kuapa kwamba hatoki katika nyumba aliyoijenga kwa sindano.

Alikuwepo pia kaka mdogo, kitindamimba wa nyumba, na kwa hiyo jina lake likawa Kitinda mpaka leo ana ndevu. Mama yao alifariki Kitinda akiwa mdogo, na dada ndiye aliyemlea, akamvusha surua na shule na mapenzi ya kwanza. Alikua mrefu, mzuri wa sura, ulimi wa asali, bingwa wa kuanza kazi na mvivu wa kuzimaliza. Halafu bahati ikamwangukia. Alipata kazi katika meli ya mizigo huko kwenye bahari za baridi, kukwangua kutu na kupaka rangi na kuvuta kamba, mkataba wa msimu mmoja.

Waliyazungumza wote watatu kando ya kitanda cha mzee. Kitinda aende msimu huo mmoja, arudi na mtaji, afungue kibanda chake hapohapo mlangoni, akae na baba. Dada naye aende zake akaolewe.

"Umenilea, dada," Kitinda alisema. "Nikirudi ni zamu yako."

"Hayo ndiyo maneno ya mtu mzima," baba akasema, akaendelea kupanga vifungo vyake.

Fundi Kola alikwenda uani akaanua nguo ambazo hazijakauka, akazikunja hivyohivyo mbichi, na alipogundua akacheka peke yake.

Hofu yake ikawa moja tu, kifua cha Kitinda. Tangu utoto kifua kile kilikuwa kibovu, upepo kidogo tu anakohoa kama trekta. Akipigwa na baridi ya huko akarudi mgonjwa, nyumba itakuwa na wagonjwa wawili na muuguzi mmoja, na fundi saa atazidi kuitia ufunguo saa ya ukutani mpaka wote wazeeke. Kwa hiyo harusi ya Fundi Kola ilikuwa imening'inia kwenye koti. Alihitaji koti la kibaharia la sufu, zito, la kweli, na hakuna mtu mwingine ambaye angemwachia kazi ya kulichagua.

Walianza na duka kubwa la barabara kuu, lenye vioo na masanamu yasiyo na vichwa. Muuzaji alikuwa kijana anayenukia manukato mpaka nje ya mlango.

"Karibu dada, karibu bosi. Hili hapa, sufu tupu, jana tu limefika."

Koti lilikuwa zuri kwa macho, vifungo vinang'aa kama sufuria mpya. Kitinda alikwisha kulivaa kabla maneno hayajaisha. Fundi Kola alilikamata pindo, akalikunja ndani ya ngumi, akabana, akaachia. Kitambaa kikabaki na makunyanzi.

"Sufu ukiikunja inajikunjua yenyewe," alisema. Akapitisha kidole gumba kwenye kola. "Na hapa hapakushonwa. Ni gundi hii. Ikipigwa na mvua ya kwanza itatoa mapovu."

"Dada," muuzaji akasema, "umekuja kununua au umetumwa na serikali?"

"Nipe uzi mmoja tu wa pindo, wa ndani, usioonekana."

Yule kijana alimpa, nadhani kwa sababu hakujua la kufanya. Fundi Kola akatoka nao nje, akawasha kiberiti. Uzi haukuungua, uliyeyuka, ukaganda ukawa kishanga cheusi, na harufu yake ilikuwa ya mfuko wa plastiki jalalani.

"Mchagua jembe si mkulima, dada," Kitinda alinung'unika huku akilivua kwa huzuni. "Lilinipendeza hili."

"Na asiyechagua koti ni mgonjwa mtarajiwa. Vua."

Walizunguka siku hiyo mpaka miguu ikawaka moto. Koti moja sufu yake ilikuwa nzuri lakini jepesi, ukiliinua kwenye mwanga unaona watu wanaopita upande wa pili. Jingine zito vya kutosha, lakini kwapani limekatwa kwa ubahili, na mvuta kamba akiinua mikono litamchanika siku ya kwanza. Jingine lilifaa kwa kila kitu, ila ndani ya mshono wa mgongo nondo walikuwa wameanzisha familia. Kitinda alianza kuchechemea kwa makusudi. Fundi Kola akajifanya hamwoni.

Hatimaye wakafika kwa Bi Makoti, mtaa wa nyuma ya soko. Bi Makoti alikuwa mama mtu mzima, mnene, aliyeuza makoti yaliyokwisha kuvaliwa na watu wengine, yametundikwa kwenye mabomba mpaka darini, na yeye mwenyewe ameketi katikati juu ya gunia kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

"Angalia mwenyewe, mwanangu," alisema. "Mimi nikisema zuri, utasema nataka kuuza."

Fundi Kola alimpenda hapohapo. Akaingia kati ya makoti, akapotea kabisa, ikawa inasikika milio ya vitundikio tu. Alipotoka alikuwa na koti moja amelibeba kwa mikono miwili, namna wanavyobebwa watoto wanaolala. Bluu iliyokolea mpaka inakaribia weusi. Fupi, la kufika nyongani. Safu mbili za vifungo vikubwa vyeusi, kila kimoja kimechorwa nanga, na kola pana ambayo ukiisimamisha inafunika masikio.

Alilipeleka mlangoni akaliinua kwenye mwanga, mwanga haukupita. Alilikunja ngumini akaachia, likajinyoosha lenyewe taratibu. Akaligeuza ndani nje: bitana imeshonwa kwa mkono, na kwapani fundi wa kwanza, popote alipo Mungu amrehemu, alikuwa ameacha kitambaa cha kutosha. Vifungo vimeshonwa kwa shingo ya uzi, vina nafasi ya kupumua. Akavuta uzi mmoja, akauchoma. Ulinuka nywele zilizoungua, na majivu yake yakasagika vidoleni yakawa unga.

"Umalize kunichomea duka, mwanangu, tuzungumze," Bi Makoti akasema.

Kitinda alilivaa. Mabegani lilimzidi kidogo, hilo si neno, mabega dada yake angeyapunguza akiwa amefumba macho. Alitia mikono mifukoni, akaisimamisha kola, akasogea kwenye kioo chenye ufa kilichoegemea ukuta, akanyamaza. Kitinda kunyamaza halikuwa jambo la kila siku. Ndani ya kioo kile Fundi Kola alimwona mtu wa kwingine, mtu wa safari, na akajisifu kimoyomoyo kwa kuchagua vizuri.

Tatizo likawa bei. Bi Makoti alikuwa anajua alichonacho, na hakuwa na haraka. Fundi Kola alisimama kidogo, halafu akamwambia kaka yake amsubiri hapo, akaenda nyumbani. Aliporudi alikuwa na kifurushi cha karatasi. Ndani kilikuwemo kitambaa cha hariri, rangi ya maziwa, ambacho marehemu mama yao alimwachia kwa ajili ya nguo ya harusi. Miaka yote hiyo alikitoa mara kwa mara, akakikunja upya ili kisiweke alama za mikunjo, akakirudisha.

Bi Makoti alikishika kwa vidole viwili. Alikuwa na mjukuu anayeolewa. Hakuuliza zaidi.

"Dada," Kitinda alisema, "si kitambaa chako cha harusi hicho?"

"Wewe rudi na mapafu mazima. Nitaolewa hata kwa gunia."

Bi Makoti akacheka mpaka gunia alilokalia likatikisika, na Kitinda naye akacheka. Walirudi nyumbani wakipokezana kulibeba lile koti, kwa uzito wake.

Kazi ya kulirekebisha aliifanya kwa siku kadhaa, wateja wengine wakasubiri na kulalamika. Alipunguza mabega, akaimarisha mifuko kwa ndani kwa kitambaa cha turubai, akalipiga pasi ya mvuke mpaka chumba kikajaa harufu ya kondoo aliyenyeshewa. Alipomaliza akampelekea baba. Mzee alilitandaza mapajani, akaanza kupitisha ukucha kwenye kila mshono, akitafuta mayai ya nondo, na akasema maneno anayoliambia kila koti tangu enzi zake.

"Kikulacho ki nguoni mwako." Ukucha ulifika mwisho wa mshono wa mwisho. "Hakuna kitu. Umechagua, mama. Hili litabaki zima na mwenyewe keshazeeka."

Kusifiwa na mzee yule kulikuwa kama kuona theluji jangwani. Fundi Kola alikaa ukingoni mwa kitanda, akakifumua kifungo cha akiba kutoka ndani ya pindo, kile chenye nanga, akakitia koponi mbele ya wote wawili. Kililia kilipogonga wenzake. Kitinda alikuwa amesimama mlangoni anakula embe, akakiangalia kinavyozama.

"Haya," dada akasema. "Umeshafungwa hapa."

Siku moja kabla ya safari, Fundi Kola alikwenda kumtafutia Kitinda dawa ya kifua. Foleni ilikuwa ndefu. Alirudi akawakuta baba na kaka yake wamekaa kimya, na akadhani ni majonzi ya kuagana.

Asubuhi ya kuondoka, Kitinda alimkumbatia dada yake muda mrefu, koti likiwa bado linanuka pasi. "Jitunze sana, dada," alimwambia. Baadaye, sana baadaye, ndipo Fundi Kola alipojiuliza ni lini anayebaki ndiye anayeambiwa ajitunze. Siku ile alimfunga tu kifungo cha juu, akampangusa uzi begani, akamsukuma aende asichelewe.

Siku zikapita. Fundi saa alikuja, akanywa chai yake, akaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba sasa kuna mwezi wa kusubiri unaojulikana. Alifurahi akasahau kuitia ufunguo saa ya ukutani.

Halafu ikatokea hivi. Tarishi mmoja mstaafu alileta koti lake limepoteza kifungo cha tumboni. Baba alikuwa amesinzia. Fundi Kola akalichukua kopo taratibu mapajani pake, akalimimina juu ya meza ya kupigia pasi, akakipata kifungo cha tarishi bila shida. Kisha, kwa kuwa alikuwa peke yake na moyo wake ulikuwa mweupe, akataka kukiona kile chenye nanga. Hakuwa na haja nacho. Alitaka kukisalimia tu.

Hakikuwepo. Alivitandaza vifungo kama mtu anayechambua mchele. Vya mifupa, vya mbao, vya shaba, vya plastiki. Akavipitia tena kimoja kimoja. Akarudi chumbani, akapiga magoti, akaangalia chini ya kitanda, akalikung'uta blanketi la upande wa miguuni.

"Unatafuta nini?" Baba alikwisha kuamka.

"Kifungo cha Kitinda."

"Kitakuwa kimepotea."

Fundi Kola alibaki pale chini, magoti sakafuni. Mzee huyu, ukimwonyesha kifungo chochote katika kopo lile, angekuambia kilitoka koti gani na mwenye koti alikuwa na tumbo la namna gani. Kopo hilo halikutoka mapajani pake ila amelala. Katika maisha yake yote alipoteza mke, akapoteza miguu, lakini kifungo hakuwahi kupoteza. Binti alimtazama usoni. Mzee aliitazama saa ya ukutani, ambayo ilikuwa imesimama.

Fundi Kola alichukua simu akaenda uani, penye kamba ya nguo. Meli ilikuwa katika bandari moja ya huko inapakia, na Kitinda alipokea akiwa kwenye upepo.

"Dada! Koti hili moto, wenzangu wote wanalitamani."

"Vifungo vyote vipo?"

"Vyote, dada. Umeshona wewe, vitakwenda wapi?"

"Na cha akiba?"

Upepo ulivuma kwenye simu.

"Si unajua, dada," alisema hatimaye.

"Sijui. Niambie."

"Baba alinipa. Ile siku ulipokwenda kutafuta dawa. Alisema nichukue, nisirudi kwa ajili yake, nitafute maisha huku. Kampuni wanaongeza mkataba kwa anayetaka. Nami nimeshasaini, dada. Alisema wewe unajua. Alisema umeamua kubaki, umemkataa shemeji, ila unaona vibaya kuniambia."

"Nimemkataa mimi?"

"Alisema, si ulimwona katoa kitambaa chake cha harusi? Mwanamke anayeolewa anakitoa kitambaa cha harusi kwa ajili ya koti?"

Fundi Kola aliishika kamba ya nguo. Akaona mkono wake mwenyewe umebeba kifurushi kile cha karatasi, unamkabidhi Bi Makoti, na kumbe palepale ulikuwa unawakabidhi wenzake ushahidi wa kumfungia mlango.

"Kitinda. Nilikuambia nini pale dukani? Ulisimama mbele yangu. Nilikuambia nini?"

"Kwamba utaolewa hata kwa gunia," alisema polepole.

"Basi ulikuwa unajua."

"Baba ndiye aliyesema, dada. Mimi ningembishia baba?"

Fundi Kola alikata simu. Hakumtukana, na hilo linanishangaza mpaka leo, maana matusi anayajua. Lakini aliona wazi jinsi ilivyokuwa. Mzee alileta uongo, na kijana akaupokea bila kuuvuta hata uzi mmoja, kwa sababu ulikuwa unamkaa vizuri mabegani. Na yeye mwenyewe hakuwa na la kujitetea. Alichoma nyuzi za makoti ya mji mzima. Maneno ya watu wa nyumbani kwake hakuwahi kuyapeleka karibu na moto.

Alirudi ndani. Baba alikuwa ameweka mikono juu ya blanketi.

"Umempigia," alisema.

"Umenigeuka, Baba." Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Mimi ndiye ninayekuogesha. Mimi ndiye ninayekulisha. Umekaa hapo na kopo lako ukaniuza kwa kifungo."

Mzee alikuwa na kiburi cha mafundi wa zamani, na mtu wa namna hiyo akinaswa hujitetea kwanza kwa ukali.

"Kaka yako hajui hata kupima joto la uji. Angeniua ndani ya mwezi mmoja. Ulitaka nikabidhiwe kwa yule? Anaanza kunigeuza, simu inalia, ananiacha ubavu mmoja mpaka jioni. Unamjua. Ulimlea wewe." Kisha ukali ukamwishia. "Niliogopa, mama. Usiku nikiamka nakohoa, wewe unakuja kabla sijaita. Nani mwingine atakuja kabla sijaita?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini?"

"Hivyohivyo ulivyosema sasa. Kwamba unaogopa. Ungeniambia, ningebaki, Baba. Ningekasirika, ningenuna, ningelia huko uani, lakini ningebaki. Fundi saa angesubiri tena, si ndiyo kazi yake. Hukuniomba. Uliniibia."

Katika mambo yote ambayo mzee aliyapigia hesabu kitandani pale, hilo hakuwahi kulifikiria, kwamba kitu alichokiiba angepewa bure.

Fundi Kola alikwenda dukani. Nyuma ya mlango lilining'inia koti lake la kijivu, ambalo baba alimshonea kwa mikono yake mwaka alioshika mkasi kwa mara ya kwanza. Kifungo chake cha akiba kilikuwa koponi tangu siku hiyo: cha kahawia, matundu manne, kimemeguka ukingoni. Alikitoa kwenye lundo juu ya meza. Akalivuta pazia mpaka mwisho ili mzee aone, akaketi kwenye kiti chake cha cherehani, akaligeuza koti ndani nje. Karibu na pindo bado vilionekana vitundu vya uzi wa zamani. Akatunga sindano, akakishona kifungo palepale kilipotolewa, akakizungushia shingo ya uzi kama alivyofundishwa, akaukata uzi kwa meno.

Baba alitazama mwanzo mpaka mwisho. Safari hii hakusema uzi umelegea.

"Mama," aliita.

"Kesho nitampigia shangazi. Tutazungumza naye nani atakaa na wewe, na Kitinda atatoa sehemu ya mshahara wake apende asipende. Sitakuacha ubavu mmoja. Lakini sitabaki."

Alivirudisha vifungo vilivyobaki koponi, akalifunika kwa kifuniko. Hakulipeleka kopo chumbani. Aliliweka dukani, rafu ya juu, karibu na chaki.

"Kwa hiyo kimetoka," mzee akasema. Mikono yake ilikuwa inapapasa blanketi, ikitafuta kitu cha kupanga.

"Kimetoka. Chai nitajipikia mwenyewe."

Akaenda jikoni akabandika birika. Maji yalipochemka alijikuta ameshika vikombe viwili, akasimama navyo hapo mezani muda mrefu kabla hajakirudisha kimoja.